Mkubwa Ajifanyapo Mdogo

Mwaka 2017 Mmarekani aitwaye Eric Ries alitoa kitabu kiitwacho The Startup Way, kinachozifundisha kampuni kubwa kubuni mambo mapya kwa namna ya kampuni changa. Nakala niliyo nayo nimepewa na mpwa wangu anayefanya kazi Dar es Salaam. Imejaa mistari ya wino wa njano, kwa maana ofisini kwao wakuu wa idara wote waliagizwa wakisome. Nimekisoma mara mbili hapa nyumbani Izia, kwa Kiingereza changu cha ualimu, nami nataka kueleza kwa nini nakiona kuwa kitabu kizuri kilichokosa jambo moja, na jambo lenyewe si dogo.

Hoja yake si ngumu. Kampuni changa huwa na watu wachache, fedha kidogo na mashaka mengi. Kwa kuwa haina akiba ya kupoteza, hulazimika kuuliza mapema: je, yuko mtu anayekitaka kitu hiki? Hutengeneza kitu kidogo, hukipeleka kwa mnunuzi, huangalia anakifanyia nini, kisha hurekebisha au huacha. Kampuni kubwa hufanya kinyume chake. Huandika mpango wa miaka mitano, hutenga mabilioni, huunda kamati, na siku bidhaa inapotoka ndipo inapogundulika kwamba hakuna aliyeihitaji. Na kwa kuwa wakubwa wengi wameweka sahihi zao, hakuna athubutuye kusema. Dawa ya Ries ni kuunda vikundi vidogo ndani ya ile kampuni kubwa, kuvipa fedha kidogo kidogo kwa kadiri vinavyoonyesha kwamba vimejifunza jambo, na kuweka baraza dogo la wakuu la kuvisikiliza na kuamua: endeleeni, geukeni, au acheni.

Sehemu hiyo ya fedha kwa kipimo naipenda. Yeyote aliyefanya kazi chini ya bajeti ya serikali anajua jinsi mwezi Mei unavyokuwa. Mwaka wa fedha unakwisha tarehe 30 Juni, kifungu bado kina salio, basi zinanunuliwa hata rula ambazo hakuna aliyeziomba. Fedha iliyotengwa mapema, yote kwa mara moja, haimuulizi mtu swali lolote. Fedha ndogo inayomtaka mtu arudi baada ya miezi mitatu aeleze alichokiona, hiyo inauliza. Kwa jambo hili peke yake kitabu kinastahili kusomwa na maofisa wetu, na hasa wale wa fedha.

Lakini tazama mfano wake mkubwa. Ni General Electric, kampuni ya mitambo ya Marekani, ambayo Ries aliisaidia tangu mwaka 2012 kuanzisha mpango ulioitwa FastWorks. Anasimulia jinsi kikundi cha injini ya dizeli kilivyoacha mpango mkubwa wa kutumikia meli, treni na mitambo ya umeme kwa pamoja, kikaanza na tumizi moja tu ili kijifunze haraka. Simulizi ni tamu. Hata hivyo Jeff Immelt, mkuu aliyeusimamia mpango huo, aliondoka katika uongozi mwaka uleule kitabu kilipotoka. Mwaka 2018 kampuni ikaondolewa katika kipimo cha hisa cha Dow Jones, ambamo ilikuwa imekaa mfululizo tangu 1907, na kufikia Aprili 2024 ilikuwa imekwisha kugawanywa vipande vitatu. Si haki kukilaumu kitabu kwa hayo, kwa kuwa maradhi ya GE yalitoka zaidi katika biashara yake ya mitambo ya umeme na ile ya mikopo. Ninalosema ni hili: maelfu ya mameneja walifundishwa kufikiri kama vijana wa kampuni changa, na juu yao jengo lilikuwa linapasuka.

Kwa nini twende mbali hivyo kutafuta mfano, ilhali ulio bora tunao mfukoni? Nazungumzia M-Pesa. Watu wengi hudhani ni kazi ya vijana wawili au watatu waliokaa gereji wakabuni. La hasha. Ni mtoto wa jitu, yaani Vodafone ya Uingereza pamoja na Safaricom ya Kenya. Na namna alivyozaliwa inafundisha kuliko sura zote za Ries.

Ndani ya Vodafone alikuwamo ofisa mmoja, Nick Hughes, aliyefikiri kwamba simu zingeweza kuwafaa watu wasio na benki. Kama angelipeleka wazo lile katika foleni ya kawaida ya kuomba mtaji ndani ya kampuni yake, lingeshindana na miradi ya Ulaya yenye faida ya hakika, na lingeshindwa siku ya kwanza. Fedha ya kuanzia ilipatikana nje. Idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya Uingereza ilikuwa na mfuko wa kushindaniwa, ukatoa karibu pauni milioni moja, kwa sharti kwamba kampuni nayo iweke sehemu yake. Kwa hesabu za Vodafone hizo zilikuwa senti. Ndiyo maana hakuna mkubwa aliyeona haja ya kuzipigania wala kuzisimamia kila wiki.

Mwaka 2005 mtaalamu wao, Susie Lonie, alitumwa Nairobi. Jaribio lilianza Oktoba mwaka huo katika maeneo machache ya Nairobi na mjini Thika, kwa wateja wasiofika 500, likishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Na angalia kusudi lake: mkopaji alipe marejesho ya mkopo kwa simu. Hilo tu. Hakuna aliyekuwa amepanga kutuma fedha kijijini.

Ndipo watu wakaanza kukitumia kitu kile walivyotaka wao. Mmoja alimlipia mwenzake marejesho, akalipwa baadaye. Mwingine, aliyesafiri kati ya mji na mji, aliweka fedha huku akazitoa kule, ili asibebe noti njiani. Wenye maduka walitumiana mauzo ya mchana. Wengine waliacha fedha humo usiku kucha kama kwenye sanduku la chuma. Kwa upande wa mikopo mambo yalikuwa magumu, maana hesabu za simu na hesabu za Faulu hazikulingana kirahisi. Wale wachache waliokuwa Nairobi wakaona. Wakaitupa ile habari ya mikopo, wakabakiza jambo moja ambalo watu wenyewe walikuwa wamelichagua, na tarehe 6 Machi 2007 Safaricom ikaizindua huduma kwa wito wa kutuma pesa nyumbani. Kabla mwaka ule haujaisha wateja walikuwa wamepita milioni moja.

Sasa niseme pale ninapoachana na Ries. Katika kitabu chake mteja ni mtu wa kupimwa. Unamwekea kitu mbele, unahesabu amebonyeza mara ngapi, unarudi ofisini na jedwali. Lakini mkopaji wa Thika hakuwa anapimwa wakati alipomlipia jirani yake. Alikuwa anakitumia visivyo. Ubunifu wa M-Pesa, ule hasa uliobadilisha maisha ya watu, ulifanyika upande wa pili wa kaunta, na sifa ya kampuni ni kwamba alikuwapo karibu mtu mwenye macho ya kuona, na mwenye ruhusa ya kugeuza mpango kabla haijachelewa. Mambo yote mawili, maana macho bila ruhusa hayakuwahi kuikosa ofisi yoyote niliyoijua.

Kikundi kidogo pekee kisingelifika mbali. Safaricom ilikuwa na wauza vocha kila mtaa, ilikuwa na minara, na ilikuwa na jina ambalo mama wa Kisii angeliamini akaliachia shilingi zake. Mkuu wake, Michael Joseph, aliweka mabega yake chini ya jambo lile. Benki Kuu ya Kenya nayo ilikubali huduma ianze kabla sheria yake haijaandikwa, ikawa inaiangalia. Mwishoni mwa 2008 benki zilipolalamika, ukaguzi ulifanywa na huduma ikaachwa iendelee. Hakuna kampuni changa ambayo ingeweza kuyapata hayo yote. Ushauri wa kumwambia mkubwa ajifanye mdogo unasahau kwamba ukubwa wake ndio mali yake.

Wazee wetu wa Ufipa walilijua hili kwa mikono. Waliyeyusha chuma katika tanuru refu, malungu tunavyoyaita, lililopita kimo cha mtu, lenye matundu chini ambamo upepo uliingia wenyewe bila mivuo. Lakini kilichotoka humo hakikuwa jembe, wala hakikuwa tayari kufuliwa jembe. Kilikuwa bonge la chuma lenye uchafu. Kilichukuliwa kikatiwa katika tanuru dogo, kintengwe, kwa moto wa mivuo na mtu aliyesimama karibu akiangalia, ndipo kikasafika. Hakuna mhunzi aliyelishauri malungu liwe dogo, na hakuna aliyedai kintengwe kingeyeyusha udongo wa mlima. Mabaki ya matanuru hayo bado yako nyikani, na nasikitika kwamba wageni huyapiga picha zaidi kuliko sisi.

Nimesema ukubwa ni mali. Lakini kuna waliokuwa na mali hiyo wakalala juu yake. Hadi mwisho wa 1993 tulikuwa na Shirika la Posta na Simu Tanzania, nyumba moja iliyobeba waya za simu, kaunta za posta karibu kila makao makuu ya wilaya, na mani oda. Ukitaka kumtumia mzazi wako fedha Sumbawanga kutoka Tanga, ulijaza fomu, ukasubiri. Naye akapokea karatasi, akaenda posta, akaambiwa fedha hazijafika, arudi Jumatatu. Kwa hiyo watu walimpa kondakta wa basi bahasha. Kila karani wa posta alijua kwamba bahasha zinakwenda kwa makondakta, na huenda yeye mwenyewe alituma hivyo. Habari ile haikuwa na njia ya kupanda juu. Siku hizo simu za mkononi zilikuwa ndio kwanza zinabisha hodi, nami silidai shirika lile lingebuni M-Pesa. Nasema lilikuwa na ushahidi mlangoni pake kwa miaka mingi kwamba watu wanataka fedha zifike leo, na ushahidi ule haukumgusa mwenye ruhusa. Mwaka 1994 likagawanywa, Simu huku na Posta kule, na vile vitu viwili ambavyo vingekuja kuungana vikatenganishwa rasmi.

M-Pesa ilipoletwa Tanzania na Vodacom mwaka 2008, haikuwaka kama Kenya. Jina lilikuwa lilelile na mashine ileile, ila nchi ilikuwa nyingine: soko la simu limegawanyika kati ya kampuni kadhaa, miji iko mbalimbali, na mawakala ni haba. Ilibidi kampuni ibadilishe hata namna ya kuwapata na kuwasimamia mawakala, ndipo moto ukashika. Afrika Kusini hali ilikuwa mbaya zaidi. Vodacom ya kule ilianzisha huduma mwaka 2010 ikitarajia wateja milioni 10 katika miaka mitatu, ikaifunga katikati ya 2016 ikiwa na watumiaji hai wapatao 76,000. Kwa hiyo hata kampuni iliyowahi kufanikiwa, ikichukua jibu la Thika na kuliacha swali lililolizaa, hurudi kuwa ileile ya mpango wa miaka mitano.

Lipo pia la mkubwa aliyekwisha kushinda. Kwa miaka kadhaa hapa kwetu, mwenye laini ya kampuni moja hakuweza kumtumia wa kampuni nyingine fedha zikaingia moja kwa moja katika akaunti yake ya simu. Mteja wa Vodacom akimtumia wa Tigo, mpokeaji alipata namba ya siri akatoe taslimu. Mwaka 2014 Tigo (leo ni Yas), Airtel na Zantel walikubaliana kufungua milango. Aliyekuwa mkubwa kuliko wote katika biashara hiyo, Vodacom, alijiunga mwaka 2016. Tigo hiyohiyo mwaka 2014 ilianza kuwagawia wateja faida inayotokana na fedha zao zilizolazwa benki. Hakuna ajabu hapo. Aliye nyuma hubuni kwa sababu hana cha kulinda. Lakini ni jambo ambalo kitabu cha Ries kinalipita kwa haraka sana. Kikundi kidogo ndani ya kampuni kubwa kitapewa fedha, baraza na mwalimu, hadi siku kitakapobuni kitu kinachokula kitoweo cha idara kubwa. Ningependa kusoma sura nzima juu ya siku hiyo.

Basi nije kwa jambo lililonifanya nichukue kalamu, nalo liko hatua mia mbili kutoka barazani kwangu.

Hapa Izia yuko wakala wa fedha za simu, kijana niliyemfundisha darasa la sita. Kibanda chake kina laini za kampuni zote. Kuanzia Juni, upepo wa baridi unapoanza kutukata masikio, mahindi yanashuka kutoka vijijini, wanunuzi wanakuja na malori, na wengi siku hizi wanalipa kwa simu. Mkulima anataka noti. Anataka kumlipa aliyemvunia, anataka kununua mabati, na ada ya mtoto inamsubiri. Ifikapo saa tano asubuhi ya siku yenye malori kibanda hakina noti hata moja. Floti ya kwenye simu imejaa, ila karatasi hakuna. Novemba na Desemba mambo hupinduka. Watu wanaleta noti wawatumie wauza mbolea, naye anaishiwa floti huku droo imejaa.

Mwaka wa kwanza alidhani ni bahati mbaya. Mwaka wa pili alinunua daftari la mistari, akawa anaandika: tarehe, saa aliyoishiwa, ameishiwa nini, na wateja wangapi wamegeuzwa. Misimu mitatu ameandika. Alinionyesha. Kuna siku moja ya Julai aliandika 41, na kando yake, kwa mwandiko mdogo, kwamba mmoja wao alikuwa mama aliyetaka fedha ampeleke mtoto hospitali, akaondoka akikimbia kwenda mjini kutafuta kibanda kingine.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi siombi wanipe bure. Wanikopeshe floti ya msimu, siku ninazozijua, niirudishe wiki ileile. Au wakala mkuu alete noti saa nne badala ya saa tisa. Tarehe ninazo hizi."

Alimweleza ofisa wa kampuni moja kati ya hizo, ambayo sitaitaja, alipopita kukagua mabango. Ofisa alimsikiliza kwa adabu, akamwambia kwamba kampuni inathamini sana mawazo mapya, na kwamba yapo mashindano ya ubunifu kila mwaka. Akampa karatasi. Nilimsaidia kuisoma, kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza. Ilitaka jina la kampuni changa iliyosajiliwa, majina ya waanzilishi na kazi zao, maelezo ya programu ya simu waliyoitengeneza, na video ya dakika mbili. Mshindi angepelekwa Dar es Salaam kukaa wiki sita katika jumba la kampuni lililotengwa kwa ajili ya ubunifu. Mpwa wangu analijua jumba hilo. Ameniambia lina viti vya rangi rangi na meza ya mpira wa kuchezea, na kwamba walioko humo hivi sasa wanashughulikia tatizo la mawakala kuishiwa floti.

Sikucheka. Nilitaka kujua wanalishughulikiaje, naye akasema wanatengeneza programu ya kubashiri, ila bado wanatafuta takwimu za vijijini.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo Ries amelikosa, na wasomaji wake wenye wino wa njano wamelikosa pamoja naye. Kitabu kizima kinamtafuta mbunifu miongoni mwa walioajiriwa. Wakala hakuajiriwa. Hayumo katika orodha ya mishahara, hawezi kuitwa mbele ya baraza, wala hana meneja wa kumtetea. Hata hivyo yeye ndiye anayesimama kwenye ile kaunta, mahali palepale ambapo M-Pesa ilibuniwa kwa mara ya pili na wasioitwa wabunifu. Kampuni imejenga chumba kidogo katikati yake, na ile kampuni changa iliyo nayo tayari, yenye mtaji mdogo, mashaka mengi na kumbukumbu za misimu mitatu, iko ukingoni ikiuza pia sabuni na viberiti.

Yeye hakungoja. Amekubaliana na wenzake watatu wa mitaa ya jirani. Kila jioni wanapigiana simu kuulizana nani ana noti na nani ana floti. Asubuhi mwenye noti anampelekea mwenzake kwa bodaboda, mwenye floti anatuma kwa simu, na kila mmoja anaandika katika daftari lake. Msimu uliopita idadi ya waliogeuzwa kibandani kwake ilishuka hadi chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Wameelewana pia kwamba anayechelewesha siku mbili anatolewa, na mmoja ameshatolewa. Nilipomuuliza ni nani aliyewafundisha utaratibu huo alishangaa swali, akanijibu kwamba hata wanaokopeshana ng'ombe wa kulimia hufanya hivyohivyo.

Yule ofisa alipita tena mwezi Machi. Aliomba alione daftari, akalifungua juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa, akapiga picha kurasa mbili kwa simu yake, akasema atazipeleka. Mwezi Mei tukasikia amehamishiwa Mbeya. Aliyechukua nafasi yake hajafika Izia bado, na malori ya kwanza yameanza kuegesha tangu Jumanne.